Tausi Mia Nne na Ushee

Mume wa Mama Mapazia hakuwa mwongo, na tabu yote ilianzia hapo. Mume mwongo unamwachia chai na redio nyumbani, ukaenda ofisini peke yako. Msema kweli unakwenda naye, ukijua kwamba neno lake lina uzito, na uzito huohuo ndio unaokudondokea mguuni.

Walikuwa wameketi mbele ya ofisa wa ukaguzi wa magari, binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole, aliyechoka kwa namna ya mtu anayetumwa kila siku kuwaambia wazee kwamba magari yao yamekufa. Sheria ilikuwa mpya. Gari lililovuka umri fulani lingeondolewa barabarani mwisho wa mwezi, liwe linatembea au halitembei, liwe linakunywa mafuta au linanusa tu. Iliandikwa na watu ambao maishani mwao hawajabeba kitu kirefu kuliko mwavuli. Ila waliacha tundu moja: gari la aina adimu, ambayo magari yake kwa jumla yaliundwa chini ya mia moja, lingebaki barabarani na kuitwa gari la kumbukumbu.

"Sasa, mama," ofisa alisema, "hii stesheni wagoni yenu nimeitafuta kwenye kompyuta siioni. Kiwanda chenyewe kilifungwa, jengo siku hizi ni ghala la magodoro, na makaratasi hakuna anayejua yalikwenda wapi. Lakini mkileta mtu aliyefanya kazi pale, akatamka mbele yangu ziliundwa ngapi, mimi naandika. Mnamjua mtu wa namna hiyo?"

Mama Mapazia alimgeukia mumewe kwa fahari. "Huyu hapa."

Mzee alinyoosha mgongo. Swali hilo alikuwa akilingoja tangu siku kiwanda kilipofungwa, na hakuna serikali iliyokuwa imewahi kumuuliza. "Mwanangu," alisema, "milango ya nyuma yote niliipachika mimi. Kwa mikono hii. Andika: mia nne na ushee."

Kalamu ya ofisa ilisimama hewani. "Mia nne?"

"Na ushee."

"Mzee, una hakika? Si arobaini kweli?"

"Arobaini!" Mzee alicheka kwa huruma. "Arobaini niliivuka kabla sijazoea sauti ya msimamizi."

Mama Mapazia alimkanyaga mguu. Akamkanyaga tena, mara hii kwa kisigino.

"Mke wangu, unanikanyaga," mzee alisema, naye hakuwa mwongo.

Ofisa aliandika.

Jina la Mama Mapazia lilitokana na kazi. Alikuwa na duka la chumba kimoja, vitambaa vimesimama ukutani kama wageni waliokosa viti, na ndani yake wifi yake, dada mdogo wa mzee, alikata na kushona. Yeye mwenyewe alipima madirisha ya watu na kupachika. Alikuwa na msimamo mmoja ambao wateja waliudhania maringo: hakuunga bomba. Mafundi wengine huchukua mabomba mawili mafupi ya pazia na kuyaunga katikati, kwa kuwa mafupi yanaingia kwenye gari lolote. Mama Mapazia alisema bomba lenye kiungo ni ahadi yenye "lakini". Baada ya muda linalegea, pazia linakwama kwenye kiungo, mwenye nyumba anavuta, anavuta tena, na ukuta unashuka kuangalia kuna nini. Yeye alipeleka bomba zima, urefu wa ukuta, na bomba zima lilihitaji Tausi.

Tausi ndilo jina ambalo wafanyakazi wa kiwandani waliipa ile stesheni wagoni, kwa sababu ya mkia. Mbele ilikuwa gari dogo la kawaida, lenye sura ya karani mpole. Nyuma ilikwenda, ikaenda, ikaendelea kwenda. Ukifungua mlango wa nyuma, bomba liliingia pale, likapita juu ya viti, likalala kati ya dereva na abiria mpaka likagusa dashibodi. Abiria alisafiri na bomba sikioni. Mama Mapazia alikuwa amekwisha kujaribu njia nyingine zote: juu ya keria mabomba yalipinda, na kwenye pikapu vitambaa vyeupe vilifika vikiwa vya kahawia. Bila Tausi angekuwa fundi wa kuunga kama wengine, na neno hilo alilitamka kama watu wanavyotamka jina la ugonjwa.

Mumewe watu walimwita Mlango wa Tano, na jina alijipa mwenyewe. Milango minne ya ubavuni kila gari inayo, alisema. Wa tano ndio unaoifanya Tausi kuwa Tausi, na wa tano ulikuwa wake. Kwenye arusi, misibani, hata kwenye foleni ya hospitali, aliwahesabia watu Tausi zake. Nyeupe, kijani, bluu, ya haradali, nyekundu iliyoiva. "Kila wiki rangi mpya," alisema. Watoto wake walikua wakiamini kwamba kuna wakati nusu ya watu wa nchi hii walikaa mbele ya mlango uliopachikwa na baba yao.

Siku ile walirudi nyumbani bomba likiwa katikati yao.

"Ungesema hujui," mke alisema.

"Lakini najua."

"Ungesema umesahau."

"Mtu anasahau moja. Mia nne utazisahau vipi?"

Dukani, wifi alikuwa upande wa damu. "Kaka yangu kasema kweli. Ulitaka aseme uongo kwa ajili ya mabomba?"

"Sitaki uongo. Nataka ziwe chache."

"Wifi yangu, chache hazitakwi. Zinakuwa au haziwi."

Mama Mapazia aliweka sindano mdomoni na kufikiri. Kama Tausi zilikuwa mia nne, ziko wapi? Mia nne si vifungo. Gari huoza, huibiwa, hukatwa vipande, lakini haligeuki moshi. Yeye aliendesha kila siku, mtaa kwa mtaa, na hakuweza kukumbuka mara ya mwisho alipokutana na mkia kama wa kwake. Alimuuliza mumewe jioni. "Zimetapakaa," alijibu mzee.

"Basi nitazitafuta," alimwambia wifi yake. "Zikiwa nyingi, nitaunga mabomba na kunyamaza."

"Wewe kunyamaza? Hilo ndilo ningependa kulihesabu."

Kazi yake ilimfaa kwa upelelezi. Anayepima dirisha huona ua wa jirani. Aliingia majumbani na futi yake, akapanda kiti, na kabla ya kusoma kipimo alichungulia nje. Kila mteja alimuuliza: mnamjua mtu mwenye gari lenye mgongo mrefu, mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu? Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa kuwa wenye Tausi nao walikuwa wameisikia sheria, na kila mmoja alikuwa amegundua, kivyake, kwamba usalama wake uko katika kutokuwepo. Mkunga mmoja mstaafu, aliyekuwa na kitu kirefu chini ya turubai uani, alimwambia bila kupepesa kwamba ni meza.

"Meza ina magurudumu?"

"Ni meza ya kisasa."

Mama Mapazia aliisifu meza, na hatimaye mkunga alilegea, maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba meza yake ni nzuri. Akafunua turubai. Wanawake wawili walisimama wakiitazama, na Mama Mapazia akapiga kofi la furaha kabla hajakumbuka kwamba kila anayoipata inamsogeza kwenye mia. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya utafiti wake. Moyo uliruka na kuanguka kwa pumzi ileile. Alipata ya mkunga, ya mwalimu wa muziki, ya muuza mayai. Kisha, kwa siku nyingi, hakupata kitu, na hilo nalo halikuthibitisha lolote.

Muuza mayai ndiye aliyempa ufunguo, pasipo kukusudia. Tausi yake ilikuwa ya haradali, imesimama nyuma ya banda, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Hii ni moja tu duniani, mama. Nyingine zote ukiziona ni za kuigiza."

Mama Mapazia alikuwa ameinama kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, mahali ambapo trei za mayai zilikuwa zimegonga miaka mingi na kubandua rangi kiasi cha ukucha. Chini ya haradali palikuwa na bluu. Alikwangua kidogo. Chini ya bluu, kijani. Chini ya kijani, nyeupe, halafu nyekundu, na bado chuma hakijaonekana.

"We mama! Unanikwangulia gari!"

"Umelipaka mara ngapi?"

"Sijalipaka hata siku moja. Baba alilichukua kiwandani likiwa jipya. La haradali lilikuja, la haradali liko."

"Basi baba yako alinunua gari lililovaa nguo za ndani nyingi."

Alirudi nyumbani akaikwangua ya kwake, ile ambayo kiwanda kilimpa mumewe badala ya mafao siku ya kufungwa. Juu kijani kibichi. Chini nyekundu iliyoiva, nyeupe, bluu, nyeupe tena, na nyingine ambazo ukucha haukuzifikia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama ukucha wake wenye rangi zote hizo. Gari jipya halina historia. Gari jipya lenye rangi tano na zaidi lina kitu ambacho hakijasemwa.

Fundi aliyekuwa akipiga rangi kiwandani alikuwa bado hai, na sasa aliandika majina ya maduka kwenye mabati. Mama Mapazia alimkuta amesimama juu ya ngazi mbele ya duka la viatu, amefika kwenye herufi ya tatu. Alipoonyeshwa ukucha alishuka taratibu, akafuta brashi, akaketi kwenye kipago cha chini.

"Shemeji," alisema, "siku hii nilijua itakuja. Nilitumaini nitakuwa nimekufa."

"Kwani mlifanya nini?"

"Mlango ule haukuwa wa gari lile. Viliagizwa vitu viwili visivyojuana. Mlango ulikuwa mpana kidogo, wakubwa wakaona, wakasema mafundi watautosheleza. Wakampa mumeo nyundo. Sasa kila Tausi ikiisha, inamwagiwa maji kwa mpira, kupimwa. Ikivuja, inarudi kwake. Akigonga, rangi inabanduka, inakuja kwangu. Naipaka upya nzima, rangi yoyote iliyomo kwenye bunduki ya kupulizia wiki hiyo, maana sikuwa na anasa ya kuchagua. Inarudi kwenye maji. Inavuja."

"Mara ngapi?"

"Kuna moja tuliizoea mpaka tukawa tunaisalimia."

Mama Mapazia alitaka kucheka, akaona haifai. "Na yeye hakujua kwamba ni zilezile?"

"Angejuaje? Alifanya kazi amelala chali ndani, mlango umeshushwa juu yake. Gari lilimfikia kinyumenyume na kuondoka likiwa limempa mgongo. Hakuona uso wa gari hata siku moja. Mkia ni uleule kwa zote. Rangi mpya, gari jipya. Tunasikia kutoka ndani, 'Mia mbili na tatu!' Halafu anaimba."

"Hamkumwambia."

"Mwanzo tulidhani anajua, anatania. Tulipogundua hatanii, alikuwa ameshafika mia moja na sitini. Mtu wa mia moja na sitini, shemeji, unaanzia wapi?"

"Basi zilikuwa ngapi?"

Fundi alitikisa kichwa. "Mimi nilihesabu makopo. Nikikupa namba nitakuwa kama yeye. Muulize mumeo habari za kreti la vioo. Kila Tausi ilihitaji jozi moja ya vile vioo virefu vya ubavuni, nyuma kule. Kreti lilikuwa jirani yake. Alikuwa akilikalia akila."

Mama Mapazia hakumuuliza siku hiyo, wala iliyofuata. Alingoja Jumapili mchana, mzee akiwa ameshiba nusu, maana alijua kwamba mwanamume mwenye njaa hubisha na aliyeshiba kabisa husinzia.

"Vile vioo virefu vya Tausi," alisema akiondoa mfupa kwenye sahani, "mlikuwa mnakata wenyewe?"

"Kukata! Kioo kile kimepinda, nani atakikata? Vilikuja tayari, kwenye kreti la mbao."

"Makreti mengi?"

"Moja. Nafasi ya mengi iko wapi? Lilikuwa pembeni yangu, ndilo lilikuwa kiti changu cha mchana."

"Lilikuwa kubwa basi."

"Jozi thelathini. Iliandikwa ubavuni kwa wino mweusi, namba kubwa kama mguu wangu. Kreti zuri sana lile. Mpaka kiwanda kinafungwa lilikuwa halijaisha, zilibaki jozi mbili, nikazifunika kwa gunia mimi mwe…"

Aliacha kutafuna. Alikuwa fundi, na fundi hawezi kusikia vipande viwili bila kujaribu kuvipachika. Mama Mapazia alitazama sahani yake.

"Labda waliagiza jingine," mzee alisema, "nikiwa likizo."

"Ulikwenda likizo lini?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Sikwenda."

Mkewe alimpeleka uani akamwonyesha ukingo wa mlango. Mzee alivaa miwani, akainama, akapitisha kidole juu ya pale palipokwanguliwa, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye jiwe.

"Nyekundu hii ilikuwa ya mia tatu na kumi," alisema. "Naikumbuka, kulikuwa na harufu ya vitunguu siku ile. Na bluu hii…" Kidole kilisimama. "Zote hizi ni hii moja?"

"Hii moja."

"Na wenzangu walijua?"

Mama Mapazia angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa ameishi na msema kweli muda mrefu, na mambo haya huambukiza. "Walijua."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaingia ndani na kuzima redio.

Kuanzia siku hiyo alipoa. Alikuwa mtu wa kumsimamisha kila mpita njia. Sasa alimsalimu muuza magazeti kwa neno moja akapita, na muuza magazeti akaja dukani kuuliza kama kuna msiba.

"Umemfanya nini kaka yangu?" wifi alimvamia, mkasi mkononi. "Jana nimemtajia Tausi akaniambia nimletee maji!"

"Sijamfanya. Amehesabu."

"Si ungeacha! Maisha yake yote mtu anatembea na mia nne zake, hazimdhuru yeyote. Unga mabomba, wifi. Bomba ni chuma tu. Huyu ni mtu."

Kwa mara ya kwanza Mama Mapazia aliona kwamba wifi anasema kweli. Alikwenda peke yake ofisini kuuliza kama fundi rangi anaweza kuja kutoa ushahidi badala ya mzee. Ofisa alimhurumia. Alisema neno lililoandikwa ni la mzee, na wa kulibadili ni mzee. La sivyo atakuwa na mashahidi wawili wanaogombana na gari moja linalokufa. Mama Mapazia alirudi na hakumwambia mumewe. Alijua kwamba akimwomba atakwenda, na ndiyo sababu hakumwomba. Mtu hawezi kumvua mwenzake nguo halafu amwombe akatembee mjini.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi alitandika gazeti uani, akalilaza bomba refu juu ya viti viwili, akaweka pembeni mfuko wa viungo vipya vya chuma. Kesho Tausi isingekuwa na haki ya kutoka, na kazi ya mteja ilikuwa ya kumaliziwa wiki hiyo. Alishika msumeno akaanza. Hakufanya hivyo ili asikike. Lakini msumeno ukipita kwenye bomba tupu hulia kama mtu, na mzee alitokea mlangoni akiwa na mswaki mdomoni.

"Unakata nini?"

"Bomba."

"Lile refu?"

"Ndilo."

"Umefika wapi?"

"Katikati."

Mzee alitema, akasuuza mdomo, akalitazama bomba lililofungua mdomo wake mwembamba juani. Alijua kazi iliyokatwa katikati inavyoonekana. "Acha hapo," alisema. "Mwanamke mwenye akili anaanza kukata bomba kabla ya kula? Vaa viatu twende."

"Twende wapi?"

"Usinitanie, mke wangu. Sina nguvu ya kutaniwa leo."

Ofisi ilijaa, kama kila ofisi inavyojaa siku ya mwisho. Muuza mayai alikuwepo, na mkunga, na mwalimu wa muziki, maana habari kwamba kuna mtu anayehesabu Tausi ilikuwa imewafikia wote, nao sasa waliamua kuwepo. Walikaa kwenye benchi nyuma ya mzee. Mama Mapazia angependa kuwafukuza. Mzee aliwapungia mkono.

Ofisa alifungua faili. "Mzee, hapa umesema mia nne na ushee."

"Nilisema."

"Leo unasemaje?"

"Ishirini na nane."

Benchi lilitoa sauti. Ofisa alirekebisha miwani. "Zimepungua sana, mzee."

"Hazijapungua. Ndivyo zilivyokuwa. Vioo vilikuwa jozi thelathini, zikabaki mbili. Bila kioo hakuna Tausi."

"Na zile mia nne?"

Mzee aliweka mikono juu ya kaunta, ile mikono aliyowaonyesha watu wengi. "Zilikuwa zinarudi, mwanangu. Zilezile. Mimi nilizihesabu kila zikirudi, nikidhani ni mpya."

"Zilikuwa zinarudi kwa nini?"

"Zilivuja. Kwenye mlango wangu."

"Yangu inavuja mpaka leo," muuza mayai alisema, akitafuta kusaidia.

"Hebu nyamaza," mkunga alimwambia.

Ofisa alikuwa mwema. Hakuuliza tena. Alichora mstari juu ya mia nne, akaandika ishirini na nane, akainua muhuri. Mama Mapazia, aliyekuwa amesubiri muhuri ule mwezi mzima, aliyepanda viti vya watu na kukwangua magari ya watu kwa ajili yake, aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza. Ile mia nne usiifute."

"Mama, nikiiacha gari halipiti."

"Simaanishi magari. Kuna watu walinunua mlango usio wa gari lile, wakaona haukai, wakaenda zao wakamwachia mtu mmoja na nyundo. Wao hakuna aliyewauliza kitu mpaka leo. Yeye aliupachika mara mia nne. Kila uliporudi alilala chini akaupachika tena. Huo si uongo wala si kosa la hesabu, hiyo ni kazi. Iandike."

"Hapa hakuna mahali pa kuandika milango."

"Pembeni ni patupu."

"Mama yangu, watu wanangoja, na mchana tunafunga. Nikifunga kabla sijagonga hili, siwezi kulifungua kesho. Unaelewa?"

"Naelewa."

Kiganja hakikuondoka. Mzee alimvuta mkono. "Mke wangu, mwache agonge. Gari litakwenda."

"Na wewe tulia."

Kwenye benchi hakuna aliyelalamika, ingawa magari yao yalikuwa chini ya kiganja kilekile. Muhuri huo ukikosekana, wao pia hawakuwa na shahidi mwingine. Muuza mayai alifungua mdomo, mkunga akamtazama, akaufunga. Ofisa aliangalia saa ya ukutani, akaangalia foleni, akaangalia ile mikono ya mzee ambayo sasa ilikuwa imefichwa chini ya kaunta. Alivua miwani yake na kuandika pembeni kwa herufi ndogo, akisoma kwa sauti ili asije akarudishwa tena.

"Milango ya nyuma ilipachikwa na huyu shahidi, mwenyewe, mara mia nne…"

"Na ushee," mkunga alidakia kutoka nyuma.

Ofisa aliongeza. Kiganja kikaondoka. Muhuri ukashuka.

Nje, mzee aliingia upande wa abiria, na mke akawasha gari. Walikuwa wamechelewa kwa mteja, tena bila bomba, kwa kuwa lile refu lilikuwa limekatwa nusu na ingebidi kununua jingine. Walitoka getini. Mzee alitazama mbele, kioo cha mbele, barabara, boneti ya kijani kibichi, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Umenitetea mbele za watu kama mtoto," alisema.

"Nimekutetea kama mume."

"Kuna tofauti?"

"Mtoto angesema asante."

Mzee alifikiri juu ya hilo mpaka mzunguko wa kwanza wa barabara, na baada yake.

"Pita kulia," alisema. "Huku mbele pana foleni."

Mama Mapazia alipita kulia.